Namna ya Kuua Kulasi na Kubaki na Jina Lako

Tatizo kubwa la kufunga buji vizuri ni kwamba hakuna anayekuona ukifanya kazi. Motari amefika na hasira zake, pikipiki inakohoa tangu Sange, abiria wamesimama kivulini wanamhesabia dakika, halafu wewe unaizungusha buji kwa vidole viwili mpaka igote, unashika ufunguo, unaongeza nusu mzunguko na kusema tayari. Hakuna jasho. Hakuna mshipa wa shingo uliosimama. Ukitaja bei anakutazama kama mtu aliyeuziwa maji ya mto Ruzizi.

Ndiyo maana nimekuandikia mwongozo huu, mdogo wangu, wewe uliyefungua gereji hapa Kiringye chini ya mwembe, kando ya barabara ya taifa namba 5, ukiwa na funguo chache, pampu ya mkono na turubai. Barabara hiyo inakuletea kila siku pikipiki za Kichina na za Kihindi, zinazopanda kutoka Uvira kwenda Kamanyola na zinazoshuka na mihogo, mchele na watu watatu juu ya kiti cha wawili. Karibu zote zina kulasi ya alumini. Na ndani ya kulasi kuna tundu la buji ambalo, ukilitendea inavyotakiwa, litadumu kuliko pikipiki yenyewe na halitakuingizia hata franka moja. Hatuwezi kuliacha hivyo.

Hatua ya kwanza: mjue unayetaka kumshinda

Kulasi, yaani kile kichwa cha injini chenye mapezi, hutengenezwa kwa alumini kwa sababu alumini ni nyepesi na hutoa joto upesi. Mwili wa buji (wenzetu wa Tanzania wanaiita plagi) ni wa chuma. Chuma na alumini wakiumana meno, wa kukatika ni alumini. Lishike hilo. Buji ni kitu cha bei ndogo, kulasi ni kitu cha bei kubwa, na ustadi wako wote ni kukitumia kidogo kuvunja kikubwa.

Injini nyingi utakazopokea ni nakala, au wajukuu wa nakala, za Honda CG125 ya miaka ya 1970. Wajapani walipoiunda walikuwa wameshaona jinsi pikipiki zinavyoishi katika nchi za vumbi na joto: oili haibadilishwi mpaka igeuke lami, na ule mnyororo wa kuzungusha kamu juu ya kulasi unalegea bila mtu kuushughulikia. Wakaiondoa kamu kule juu, wakaishusha chini, wakaweka fito za kusukuma valvu, ili injini iwavumilie watu wa aina yetu. Ni heshima kufikiriwa kutoka mbali namna hiyo. Lakini walituachia tundu la buji lenye upana wa milimita 12 na meno ya alumini, na hapo hawakuwa na la kufanya. Hapo ni mkono wako tu.

Hatua ya pili: chagua saa

Mteja aliyetoka Uvira bila kupumzika, akafika saa saba mchana, ndiye mteja wako. Vitabu vinasema injini iachwe ipoe mpaka uweze kuishika kwa kiganja. Usisubiri. Kusubiri kunaonekana kama uvivu, na motari hakupendi ukiwa umekaa.

Alumini ya moto ni laini kuliko ya baridi, kwa hiyo meno yake hukubali kung'oka bila ubishi. Kuna na faida ya pili, inayokuja polepole. Ukichomeka buji baridi ndani ya kulasi ya moto na kuikaza papo hapo, kulasi ikipoa itanywea, na alumini hunywea karibu mara mbili ya chuma. Itaibana buji mpaka atakayeifungua mwezi ujao aape kwamba ilichomelewa. Huenda ukawa ni wewe mwenyewe, na hapo utakuwa na sababu halali ya kulitafuta bomba refu tutakalolizungumzia.

Kuhusu vumbi lililojaa kuzunguka buji: fundi mwoga huchukua pampu akalipuliza kwanza. Wewe liache. Buji ikitoka, mchanga utadondokea ndani ya silinda, utasugua kuta zake na segma za pistoni, na baada ya muda pikipiki itaanza kutoa moshi wa bluu. Hiyo ni kazi nyingine, ya bei nyingine, na mteja hataiunganisha na siku ya leo.

Hatua ya tatu: ligeuze kasha

Kwenye kasha la buji mpya, hasa zile za NGK, kampuni iliyoanza Nagoya mwaka 1936, kuna michoro midogo: buji, mshale na kipande cha mzunguko. Ni maelekezo ya kukaza. Wameyachora badala ya kuyaandika tu, ili hata mtu asiyejua Kiingereza wala Kifaransa aelewe. Hiki ni kitu cha hatari kukiacha mikononi mwa mteja. Lipokee kasha kwa heshima, ligeuze michoro ielekee chini, liweke juu ya sanduku lako la vyombo. Usilitupe, kasha zuri lina kazi yake.

Kisha usisome herufi. D8EA, kwa mfano, si jina la kupendeza masikio. D ni meno ya upana wa milimita 12, na E ni urefu wa meno, milimita 19. Kwenye C7HSA, C ni milimita 10 na H ni milimita 12.7. Buji yenye meno mafupi ukiitia kwenye tundu refu, cheche itawaka ikiwa imejificha ndani, na meno ya chini yaliyobaki wazi yatajaa kaboni ngumu. Siku atakapokuja mwingine na buji ya urefu unaofaa, itapita ndani ya kaboni hiyo ikitafuna alumini. Ukifanya kinyume, buji ndefu kwenye tundu fupi, itachungulia ndani mpaka ikutane na pistoni. Mkutano huo huwa mfupi.

Ile namba ya katikati ni ya joto. Kwa NGK namba ikipanda, buji ni ya baridi zaidi, maana yake inalitoa joto upesi. Kwa Bosch na Champion namba ikipanda, buji ni ya moto zaidi. Sijui kama wenye viwanda waliwahi kutuwaza sisi wa chini ya miembe walipoyapanga haya, lakini wangetuwaza wasingetusaidia zaidi ya hapo. Mteja akikuuliza, "Fundi, hii ndiyo yenyewe?" jibu bila kuinua macho: "Ni ileile, mukubwa. Imebadilika maandishi tu."

Hatua ya nne: vidole ni vya wanafunzi

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe, na hapa nakuomba umakini.

Wako mafundi, tena wengine wazee wanaoheshimika, ambao huanza kuifunga buji kwa vidole vitupu. Tundu likiwa limejificha, huchukua kipande cha mpira wa mafuta, cha urefu wa kiganja, wakakivika kwenye kichwa cha buji na kuuzungusha mpira. Kwanza wanairudisha nyuma kidogo, kinyume cha kufunga, mpaka wasikie mdondoko mdogo, meno yamepata njia yake. Ndipo wanakwenda mbele. Buji inaingia yenyewe, mizunguko kadhaa, bila nguvu yoyote. Ikipinda, mpira unateleza mikononi na buji inakataa kwenda. Kwa njia hiyo haiwezekani kabisa kuharibu kitu. Ukimwona mtu wa namna hiyo, jua amekata tamaa ya utajiri.

Wewe itie buji ndani ya ufunguo tangu mwanzo. Ufunguo wa buji una mkono wa kuizungushia, na mkono huo haujui kubembeleza. Tundu limeinama ubavuni mwa kulasi, wewe umeinama upande mwingine, jasho liko machoni, na mhogo wa mchana unakungoja. Buji ikianza kwa kupinda, utahisi ugumu tangu mzunguko wa kwanza. Wasiojua husimama hapo. Wewe chukulia ugumu huo kuwa dalili kwamba kazi inakwenda, na uendelee. Meno mapya yanachongwa juu ya ya zamani, mshazari, na kwa siku chache za mwanzo yatashika.

Hatua ya tano: bomba

Hii ndiyo hatua uliyokuja kuisoma.

Hesabu ya wenye viwanda ni ya aibu, nitaitaja mara moja tu ili uijue na kuidharau. Kwa buji yenye meno ya milimita 12 kwenye kulasi ya alumini, NGK wanataka mkazo wa niutoni-mita 15 hadi 20. Ya milimita 10 inataka 10 hadi 12 tu. Ile pana ya milimita 14, ya magari na ya mota nyingi za boti, inataka 25 hadi 30. Tukiiweka hesabu hiyo chini ya mwembe: ukishika ufunguo wenye mkono wa sentimita 20, buji ya pikipiki inahitaji uvute kwa nguvu ya kuinua kilo 8, ukizidisha sana 10. Mtoto wa shule ya msingi anayechota maji anainua kidumu kizito kuliko hicho. Na asiye na kipimo wanamwambia hivi: kaza kwa vidole mpaka ringi ya buji iguse kulasi, halafu, kama buji ni mpya, ongeza nusu mzunguko. Kama ni ya zamani inayorudishwa, ringi yake imeshalala, ongeza sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, yaani kutoka saa kumi na mbili kwenye uso wa saa hadi saa moja.

Sehemu moja ya kumi na mbili! Na ukitaka kujua ni kwa nini inatosha, angalia ile ringi. Ndani ni tupu, imekunjwa. Nusu mzunguko inaiponda kiasi, inakuwa chemchemi inayosukuma buji na kulasi pamoja, inaziba moshi usitoke, na inapitisha joto la buji kwenda kwenye mapezi. Imemaliza kazi zote tatu kabla wewe hujakunja mikono ya shati.

Sasa tufanye mambo ya watu wazima. Tafuta bomba la chuma la sentimita 60, lile lililobaki kwa mtu aliyejenga. Livike kwenye mkono wa ufunguo. Usianze mara moja. Simama, vua kofia, mwambie motari aishike pikipiki kwa nguvu, mwambie abiria mmoja asogee. Watoto watakuja wenyewe. Kisha egemea kwa kilo 35 tu, nusu ya uzito wako. Sentimita 60 na kilo 35 ni zaidi ya niutoni-mita 200, mara kumi ya kiwango cha juu. Buji haitafika huko hata siku moja, meno yatakuwa yamesalimu amri njiani, lakini nia ndiyo inayoonekana na nia ndiyo inayolipwa.

Utahisi mambo matatu, kwa mpangilio. Kwanza ulaini, ringi inalala. Kisha ugumu unaopanda sawasawa, hapo ndipo wengine huachia. Halafu, ukiendelea, bomba linakuwa jepesi ghafla na kuzunguka vizuri kabisa, na ndani ya mkono unasikia kitu kinakunjamana. Usibadilishe uso. Guna kwa kuridhika. Motari atauliza, "Imekamata?" nawe mjibu, "Imekamata kabisa, hiyo haitoki tena." Ungeifungua wakati huo ungeona, katikati ya meno meusi ya buji, kijiwaya cha fedha kilichojiviringa, kinang'aa, chembamba, kizuri kutazama. Ni meno ya kulasi. Usiifungue. Mpe mteja ufunguo wake, mwambie apite polepole kwenye mashimo, na upokee fedha kwa mkono wa kulia.

Hatua ya sita, kwa wasio na bomba

Ipo shule nyingine, ya walegevu, na sitaki kuidharau kwa sababu matunda yake ni makubwa. Hawa huifunga buji kwa vidole na kuiacha hapo, kwa kisingizio cha kuogopa kuvunja. Buji iliyolegea haigusi kulasi vizuri, kwa hiyo joto lake halina pa kupitia. Inazidi kuwaka mpaka ncha yake inageuka kaa, inaanza kuwasha mafuta kabla ya cheche, na pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda. Kwenye tambarare pikipiki inavumilia, utaona tu masizi yenye mafuta chini ya buji na kusikia mlio mdogo wa kupumua. Lakini ikipanda Ngomo, ule mwinuko wa kutoka Kamanyola kwenda Bukavu, ikiwa na watu na mizigo, pistoni inaweza kutoboka katikati.

Uzuri wa njia hii ni jiografia. Ngomo ni mbali na Kiringye. Aliyelegeza yuko huku, aliyeharibikiwa yuko kule, na fundi wa kule ndiye atakayekuwa wa mwisho kuigusa.

Kama unataka kuunganisha shule zote mbili, paka grisi kwenye meno ya buji. Buji nyingi za siku hizi zimepakwa madini ya kuzuia kutu, na wenye viwanda wanasema zifungwe kavu. Meno yenye grisi huteleza, mkono unadanganyika, unadhani bado haijakaza na unaongeza. Hata fundi mpole asiye na bomba anaweza kufika mbali kwa grisi.

Hatua ya saba: ulimi

Chombo cha thamani kuliko vyote katika gereji yako hakina mpini. Kulasi ikishakufa, lazima aliyeiua awe mtu mwingine, na awe amekufa nayo kabla wewe hujaigusa.

Wanafunzi hungoja meno yang'oke ndipo watafute wa kumlaumu. Ni kuchelewa. Anza pikipiki inapofika. Chuchumaa, itazame buji kwa muda mrefu, tikisa kichwa, vuta hewa kwa meno, uulize kwa sauti ya huzuni: "Nani aliigusa hii?" Jibu halina umuhimu wowote. Motari atataja mtu, na wewe utasema tu, "Ah." Basi. Umeshajikinga. Lolote litakalotokea baada ya hapo ni la yule. Hapa Kiringye aliyeharibu huwa ni fundi wa Luvungi, Luvungi wanamtaja wa Sange, Sange wanamtaja wa Uvira, na Uvira, mji mkubwa unaojiheshimu, wanavuka mpaka kabisa na kumtaja wa Bujumbura.

Akiba nyingine ni hizi, zitumie kwa zamu ili zisichakae. "Ni ya Kichina hii" inafaa kwa pikipiki yoyote, hata ya Kihindi. "Ni esansi ya kadhafi" inafaa zaidi, kwa sababu wale vijana wenye chupa na vidumu kando ya barabara wamekwisha kulaumiwa kwa mengi na hawatahisi tofauti. Joto la bonde linafaa kuanzia saa nne asubuhi.

Lakini ukitaka kufika mbali, elewa jambo moja kuhusu motari: mara nyingi pikipiki si yake. Mwenyewe yuko Uvira au Bukavu, amekaa, anangoja hesabu ya jioni. Kwa hiyo aliyesimama mbele yako ana tatizo sawa na lako, naye anatafuta hadithi. Leo hana hesabu kamili, labda kwa sababu ya kulasi, labda kwa sababu nyingine ambazo mimi na wewe hatuziulizi. Mpe hadithi nzuri. Mwandikie fakti yenye mhuri, yenye maneno mazito: kulasi, ringi, segma, kazi ya mikono. Ongeza kidogo juu kwa ajili yake. Patroni akipiga simu, ongea naye wewe, kwa adabu, umwite Papa, umwambie kwamba kijana wake ana bahati, ingekuwa mbaya zaidi. Tangu siku hiyo motari huyo ni wako. Atazipita gereji zote njiani kuja kuharibiwa na wewe.

Hatua ya nane: tiba, kwa mpangilio wa faida

Kulasi iliyong'oka meno haizikwi mara moja. Ina hatua zake za ugonjwa, na kila hatua ina malipo.

Anza na karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Ifunge kwenye meno ya buji, kaza taratibu. Ni alumini juu ya alumini, kwa hiyo kisayansi huna kosa. Itakaa mpaka Luvungi, ikibahatika. Baada ya hapo tumia ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa na kuwa ngumu kama chuma. Inashika vizuri injini ikiwa imezimwa.

Akirudi mara ya tatu, panua tundu. Kutoka milimita 12 nenda 14, ukate meno mapya, utie buji ya gari. Mteja atafurahi, atadhani umempandisha cheo. Kwenye kulasi ndogo, ukuta kati ya tundu la buji na viti vya valvu ni mwembamba, na kila unapopanua unaukaribia. Ukipata ufa mdogo kutoka tundu kwenda kwenye valvu, umefika mwisho wa barabara hii, na ni wakati wa kuuza kulasi nzima.

Sasa ninakuonya juu ya njia moja. Uvira mjini wako mafundi wenye mashine za kukereza. Ukimpelekea kulasi mmoja wao, anaweza kutengeneza buksi ya chuma yenye meno nje na ndani, akaifunga kwenye tundu lililopanuliwa kwa kipimo, na buji ikaingia humo. Kuna na zile koili za waya wa chuma kisichoshika kutu, Heli-Coil, zilizotumika sana kwenye matundu ya buji ya injini za ndege wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waliokuwa wakirusha ndege walikiri mapema kwamba alumini peke yake haiwezi kuvumilia buji kufunguliwa na kufungwa kila leo. Tundu lililowekewa chuma namna hiyo lina nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani. Unaona hatari yake. Mteja huyo humwoni tena. Mpeleke huko yule tu anayekudai fedha.

Nyongeza kwa wenye ndoto za ziwani

Utakapofanikiwa utatamani kuhamia Kalundu, bandari ya Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, ambako mota za boti zina kulasi za alumini vilevile, na zile zinazochanganyiwa oili na esansi huchafua buji mara kwa mara. Biashara inaonekana nono. Nakushauri ubaki Kiringye.

Mwendesha boti hakuamini. Anatembea na buji zake za akiba ndani ya mfuko wa plastiki, na ufunguo mfupi uliofungwa kwa kamba kwenye mkono wake, kwa kuwa ziwa lina kina cha mita 1,470 kule linakozidi na kilichodondoka hakiulizwi. Mota ikizima usiku, anainama juu ya maji, anaifungua buji, anaifuta, anairudisha kwa vidole, anaigusa kwa ufunguo mara moja, anavuta kamba. Bomba la sentimita 60 hana, na angekuwa nalo asingepata pa kukanyaga. Anaikaza sawasawa kwa sababu meno yakikatika pale hakuna Luvungi ya kulaumu. Watu wa namna hiyo wameharibika kabisa, huwezi kuwafundisha kitu.

Hatua ya mwisho: anaporudi akisukuma

Siku moja utamwona anakuja kwa miguu, jua kali, pikipiki inasukumwa na watu wawili. Buji imeruka. Imetoka tunduni kwa kishindo, pengine imechana suruali yake, na meno yote ya kulasi yamekwenda nayo. Usiende kumpokea, mngoje kivulini. Mletee kiti. Mpe maji. Mwache aseme yote, hata yale ya kuhusu mama yako, maana amesukuma kutoka mbali na ana haki.

Akimaliza, tazama tundu, tikisa kichwa, umtaje yule wa Luvungi. Halafu muulize, kwa upole, kama buji yenyewe aliiokota. Kama aliiokota, ipokee. Ni ya chuma, haina hata mkwaruzo. Toa vile vijiwaya vya alumini kwenye meno yake kwa brashi, ioshe kwa esansi, irudishe ndani ya kasha lake, na kasha liweke mbele ya meza, michoro ikielekea chini, uiuze kesho kwa bei ya mpya.